Mistari Minane ya Kijani

Shamba la chini lilikuwa limechoka, wala halikuficha. Udongo wake ulikuwa umepauka kama gunia lililoanikwa likasahaulika, na mvua ikinyesha maji yalipita humo kama yamemwagwa kwenye chujio: leo matope, keshokutwa ukichimba kwa kidole unatoa vumbi. Mahindi yake yalifika kiunoni yakasimama hapo, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Lakini kina cha mkono mmoja chini ya mchanga ule kulikuwa na mfinyanzi mzuri, mwekundu, wa kunata. Huo ndio uliomfanya fundi matofali alipende shamba ambalo wengine walikuwa wamelichoka. Fundi huyo watu walimwita Tanuru, kwa kuwa alinuka moshi siku zote, na kila alichokigusa kilikuwa kimechomwa au kinangoja zamu yake. Alikuwa ameshachimba mashamba mawili ya jirani. Sasa yalikuwa mashimo yenye maji ya rangi ya kutu, maji ya mwaka mzima na mbu wa mwaka mzima. Hapo hapangelimwa tena, si na mtoto wa mtu wala na mjukuu.

Mwanamke aliyekuwa akililima shamba hilo alikuwa mjane wa nyumba ya pembeni, mwenye kuku, mkwe mmoja, na mwana dereva wa lori aliyekuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Shamba lilikuwa la marehemu mumewe na ndugu yake, na mume alipofariki neno la mwisho likabaki kwa ndugu, yaani shemeji yake. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa neno moja. Akisema kesho, ni kesho. Akisema hapana, hata umletee nani. Naye alikuwa ameshamwambia Tanuru ndiyo, na Tanuru akapiga vigingi vinne kwenye pembe za shamba, kila kimoja na kitambaa chekundu kichwani.

Mjane akaenda kwa shemeji asubuhi baada ya sala. Akaketi, akasalimia, akauliza hali za watoto wote mmoja mmoja, kisha akaomba msimu mmoja. Akaeleza kwamba wiki iliyopita bibi shamba, yule binti wa ofisi ya kilimo, aliwakusanya akina mama kwenye darasa la shule akawaambia habari za makaa ya kuchanganya na udongo. Si majivu, makaa. Magunzi ya mahindi yanachomwa kwa hewa kidogo, yanazimwa kwa maji kabla hayajawa majivu, yanapondwa, yanazikwa shambani, na udongo uliochoka unapata pa kuwekea maji na chakula. Ofisi ilikuwa inatafuta mtu wa kujaribu, na yeye akanyoosha mkono.

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Akauliza kama udongo ulioshindwa na samadi utaponywa na masizi. Mjane hakuondoka. Alikaa pale, mikono mapajani, anatazama jinsi mchwa walivyojenga njia yao kwenye nguzo ya baraza, mpaka shemeji akachoka yeye.

"Haya, shemeji," akasema. "Ligawe katikati. Nusu tia makaa, nusu acha ilivyo. Nusu yenye makaa ikishinda, shamba ni lako na sitalitaja tena. Ikishindwa, Tanuru anaanza kuchimba wiki inayofuata. Na usinilie."

"Sitalia," akasema mjane.

Tanuru akaitwa awe shahidi. Akakubali kwa moyo mweupe, maana aliona kama ameahidiwa kitu kile kile mara mbili.

Basi hapo ndipo pipa lilipoingia nyumbani. Lilikuwa pipa la mafuta la zamani, bibi shamba akalitobolesha matundu chini kwa fundi, na mjane akaanza kuomba magunzi mtaa mzima. Watu walimpa huku wakimtazama. Aliyajaza, akawasha kutoka juu, si chini kama jiko, akakaa pembeni na ndoo tatu za maji akiulinda ule moto kama mtu anayelinda maziwa yasimwagike. Mara ya kwanza alichelewa kidogo tu, kwenda kumwitikia mgeni mlangoni, akarudi akakuta majivu mepesi yanayopeperuka. Akayatazama kwa muda. Alitaka kujua ni dakika ipi hasa makaa yanaacha kuwa makaa. Pipa la pili hakuondoka, akaona: ndimi za moto zinafupika, gunzi la juu linaanza kuvaa ukungu mweupe pembeni, na hapo hapo ndipo pa kumwaga maji. Tangu siku hiyo hakukosea tena. Na tangu siku hiyo, kwa sababu ya weusi wa mikono na vumbi la nyusi, akaitwa Mama Makaa, jina ambalo hakulichagua lakini aliliitikia.

Alipata magunia kumi. Aliyapanga kwenye ukumbi wa nyuma, karibu na banda la kuku, akamwambia mkwe wake kwamba mtu asiyaguse, maana bibi shamba alisisitiza makaa yawe safi, yasichanganywe na kitu chochote, ili ijulikane makaa peke yake yanafanya nini. Mkwe akasema sawa mama. Magunia yakakaa pale wiki sita yakingoja mvua. Katika muda huo huo fundi cherehani wa nyumba ya jirani, ambaye dirisha lake lilitazamana na banda na ambaye kila asubuhi alilalamika kwamba wateja wake wanapima nguo huku wameziba pua, alinyamaza ghafla. Mama Makaa alikuwa mtu wa kuuliza kila kitu, lakini hilo hakuliuliza. Alishukuru Mungu akapita.

Mvua ilipokaribia waligawa shamba kwa kamba. Mistari arobaini upande huu, mistari arobaini upande ule. Gunia moja la makaa lilitosha mistari minne, akalimwaga kwa mkono wake mwenyewe, akafukia, akapanda.

Mahindi yaliota vizuri pande zote mbili. Wiki ya kwanza huwezi kuyatofautisha. Wiki ya pili Mama Makaa akaanza kusimama kwa muda mrefu kidogo upande wa makaa. Wiki ya tatu hakukuwa na haja ya kusimama. Upande usio na makaa ulikuwa kama ulivyokuwa siku zote, kijani cha kuchoka. Upande wa makaa ulikuwa wa manjano.

Si manjano ya jani moja moja. Upande mzima, kama umepakwa.

Tanuru hakukawia. Alikuja na baiskeli yake, akaiegemeza kwenye kigingi chake, akatembea mstari mmoja mzima mikono nyuma.

"Mama Makaa," akasema, "mimi huwa nachoma udongo baada ya kuvuna. Wewe umeuchoma kabla."

Akaondoka anacheka peke yake. Mama Makaa naye alikuwa karibu kucheka, kwa kuwa lilisemwa vizuri. Usiku huo na asubuhi yake sala yake ilikuwa fupi, ya maneno mawili matatu, kisha akarudi shambani kutazama tena. Hakuwa na la kufanya zaidi ya kutazama, na kutazama alijua.

Ndipo alipoiona. Katikati ya manjano yale kulikuwa na utepe wa kijani. Kutoka barabarani huwezi kuuona, lakini ukisimama juu ya lile lundo la mawe ambayo mumewe aliyatoa shambani miaka mingi iliyopita, unauona umenyooka kutoka juu hadi chini, na kijani chake hakikuwa cha kuchoka. Kilikuwa cheusi cheusi, kile kijani cha mahindi yanayokula vizuri.

Akakaa juu ya mawe akishika tama. Kivuli? Hakukuwa na mti. Njia ya maji? Maji yalitelemka kwa mshazari, na utepe ulikuwa umenyooka kama rula. Mbegu nyingine? Mbegu zote zilitoka kwenye kopo moja. Akashuka akaenda kugusa. Majani yalikuwa mapana, yana ubaridi. Akaweka kiganja kwenye jani la manjano la mstari wa jirani, halafu kwenye la kijani, halafu kwenye la manjano tena, kama mtu anayepima homa za watoto wawili.

Bibi shamba alipofika siku ya tatu, alikuja na kile kifaa chake kidogo cha kubana jani, kinachotoa namba. Mama Makaa alikuwa amekiona mara moja tu na tangu hapo anakitamani. Binti akabana majani kumi upande usio na makaa, akaandika thelathini na sita. Akabana kumi ya manjano, akaandika ishirini na saba. Uso wake ukaanguka. Mama Makaa akamshika mkono akampeleka kwenye utepe. Arobaini na sita.

Binti akabana tena. Akabana jani jingine. Akakipuliza kifaa, akakifuta kwa khanga ya Mama Makaa, akabana mara ya tatu. Arobaini na saba.

"Kinapima nini hasa, mwanangu?" akauliza Mama Makaa. "Uniambie kama unavyomwambia mtu, si kama darasani."

Binti akaeleza. Ndani ya jani kuna kijani, na kijani hicho kinakamata mwanga wa jua. Kwa mwanga huo jani linachukua maji yaliyopandishwa na mizizi, linachukua na hewa hii tunayovuta, linatengeneza sukari. Kazi hiyo ina jina refu, usanisinuru. Kifaa kinasema tu kijani ni kingi kiasi gani.

"Kwa hiyo jani ni jiko."

"Ni jiko, mama."

"Kuni ni jua. Na wanaokula ni nani?"

"Mmea wenyewe. Kinachobaki ndicho punje."

Mama Makaa akalitazama jani la manjano kwa macho mapya. "Basi huyu," akasema, "jiko lake dogo. Jua analo sawa na mwenzake, ila jiko dogo. Sasa niambie aliyemnyima huyu jiko kubwa ni nani."

Binti hakujua. Alisema labda makaa hayakusambazwa sawa, kisha akakubali mwenyewe kwamba hilo halielezi kwa nini utepe umeushinda hata upande usio na makaa. Akaaga akiwa na mawazo.

Mama Makaa akabaki. Akaanza kuhesabu mistari ya kijani, akitembea na kugusa bua la kwanza la kila mstari. Minane. Akarudia kutoka upande wa pili. Minane. Akasimama pale kwenye mstari wa nane na mkono wake kwenye bua, na kitu kikamjia polepole, kama jina la mtu ulilolisahau. Gunia moja, mistari minne. Mistari minane, magunia mawili. Si shamba, si maji, si mbegu. Ni magunia.

Akapiga magoti akachimba kwa vidole. Makaa yalikuwa pale, vipande vidogo vyeusi, kama ya mistari mingine. Akayanusa. Akanusa tena. Akachambua kiganjani, na kati ya makaa akakuta kinyoya kidogo cheupe, kimekunjamana, kimeshikana na kitu ambacho hakuhitaji bibi shamba kumwambia ni nini.

Alirudi nyumbani hakuvua hata viatu vya shambani. Mkwe alikuwa anafua. Mama Makaa akaketi kwenye kigoda mbele yake, akaufungua mkono. Mkwe akakiona kinyoya, akaacha nguo kwenye beseni.

Hadithi ikatoka yenyewe, kwa kwikwi. Fundi cherehani alikuwa ametishia kwenda kushtaki. Mkwe akaogopa kumwambia mama, kwa sababu kuku walikuwa wake yeye, aliopewa na mumewe. Alisikia makaa yanaondoa harufu, akachota magunia mawili akayamwaga bandani, akasema nitayarudisha. Na kweli harufu ikaisha siku ile ile. Wiki tano kuku wakalala juu yake na kufanya yao yote. Mvua ilipokaribia akayafagia, akayarudisha maguniani kama hayakuguswa, juu akatandaza makaa safi kidogo ili yasionekane. "Nimekuharibia jaribio, mama," akasema. "Najua. Nilipoona manjano nikasema ni mimi."

"Manjano ni yangu mimi," akasema Mama Makaa. "Ya kwako ndiyo ya kijani."

Mkwe akamtazama asielewe kama anatukanwa.

Lakini Mama Makaa alikuwa tayari mbali, anafikiri. Alifikiri juu ya chungu kipya. Ukinunua chungu kipya cha udongo ukakijaza maji jioni, asubuhi unakuta yamepungua, hayakuvuja, yamenywewa na chungu chenyewe. Mpaka kishibe ndipo kinakutunzia wewe. Akaenda kuchukua kipande cha makaa safi akakitia kwenye kikombe cha maji, akakitazama kinavyotoa mapovu madogo madogo, kwa muda mrefu, kinakunywa. Aliyatia makaa yenye njaa shambani. Yakala kwanza yenyewe, mahindi yakatazama. Yale ya bandani yaliingia shambani yameshiba.

Alipomweleza bibi shamba, binti akasema ndivyo, kwamba hata kwenye vitabu makaa yana vitundu vingi visivyoonekana na vinashika chakula cha udongo, na kwamba angepaswa kuwaambia wayaloweke kwanza, ila yeye alitaka jaribio safi. Akasema ataandika yote kama yalivyo, pamoja na kosa lake. Mama Makaa akampenda zaidi kwa hilo.

Dawa ilikuwa wazi: samadi ya kuku iloweshwe kwenye pipa, maji yake yamwagwe kwenye mashina. Ni hapo mkwe aliposema kwa sauti ya chini, akikoroga pipa, "Mama, tumwagie upande wa makaa peke yake. Nani atajua?"

Hilo Mama Makaa alikuwa ameshaliwaza mwenyewe, tena mara mbili, na mara ya pili lilikuwa na sura nzuri. Shamba lingebaki. Mashimo yasingeongezeka. Mumewe alitoa mawe yale moja moja.

"Mimi nitajua," akasema. "Na si mimi peke yangu. Shika ndoo."

Ndoo mbili kila mstari, mistari themanini, hata ile minane ya kijani, asubuhi nne mfululizo. Migongo iliwaka moto. Asubuhi ya tano Mama Makaa alivaa vizuri akaenda kwa shemeji, akamwambia habari ya magunia mawili, kuku na kinyoya, bila kupunguza. Shemeji akasikiliza hadi mwisho. Akasema mistari minane haitahesabiwa basi, wala mistari minane ya upande wa pili inayolingana nayo. Thelathini na miwili kwa thelathini na miwili. Mama Makaa akasema ni haki.

Baada ya hapo shamba likaanza kusema lenyewe. Ilinyesha mvua kubwa ya siku mbili, na upande usio na makaa, uliokuwa umechangamka kwa maji ya samadi, ukarudi polepole kwenye kijani chake cha kuchoka. Chakula kilikuwa kimesombwa. Upande wa makaa ulipoteza manjano jani baada ya jani, kuanzia juu. Kisha mvua ikakata. Siku kumi na tisa hata wingu la kudanganya hakuna, na ndio wakati mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele. Saa sita mchana upande usio na makaa majani yalijikunja kama sigara. Upande wa makaa yalijikunja pia, lakini saa nane, na jioni yalifunguka mapema. Kwenye ile mistari minane hayakujikunja mpaka siku ya kumi na tano.

"Yanafunga milango," akaeleza bibi shamba, akiwa amekuja na kifaa chake. "Jani lina vitundu vya kuvutia hewa. Likiona kiu linavifunga ili maji yasitoke. Ila milango ikifungwa hakuna hewa, na bila hewa hakuna kupika, hata jua liwe kali namna gani."

Mama Makaa akazoea kwenda pale saa sita, saa saba, saa nane, mkononi kitambaa cha jasho, kuona nani amefunga jiko na nani bado anapika. Watu walisema jua limempanda kichwani. Tanuru naye akaanza kupita mchana, akisema anakagua vigingi, lakini vigingi havikaguliwi kwa kuchutama na kutazama majani. Siku moja akauliza kwa nini majani ya hapa yamefunguka na ya pale bado. Mama Makaa akamweleza habari ya milango. Tanuru akarudi kwenye baiskeli, njiani akigeuka kutazama majani.

Siku ya kuvuna walikuja wote: shemeji na fimbo yake, Tanuru, bibi shamba na daftari, mkwe na mumewe dereva aliyeomba ruhusa kazini. Tanuru ndiye aliyepima, kwa kuwa ana mikono ya kazi na kwa kuwa hakuna ambaye angemshuku kumpendelea Mama Makaa. Alijaza debe kwa mahindi, akalitikisa, akasawazisha kwa kiganja, akamwaga, akataja namba kwa sauti. Upande usio na makaa, mistari thelathini na miwili: debe ishirini na saba.

Wakaanza upande wa makaa. Mama Makaa hakutazama debe, alitazama lundo. Ishirini. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Lundo likaisha, Tanuru akajaza la mwisho, likakosa vidole vitatu kujaa. Mkwe akaokota mahindi mawili yaliyobingirika chini ya gunia. Tanuru akayaweka, akatikisa, akasawazisha.

"Ishirini na saba," akasema.

Kuku wa jirani walikuwa wameshafika kwenye punje zilizomwagika.

"Haikushinda," akasema Tanuru, ila hakulisema kwa furaha aliyoitarajia.

"Na haikushindwa," akasema Mama Makaa.

Wote wakamgeukia shemeji, na shemeji, kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, hakuwa na neno. Alikuwa ameweka maneno mawili tu, na lililotokea halikuwamo. Akachora chora chini kwa fimbo. Mama Makaa hakumsaidia. Alikuwa ameahidi kutolia na hakulia.

Hatimaye shemeji akainua fimbo akaionyesha kule pembeni, kwenye malundo mawili madogo yaliyokuwa yamewekwa mbali ili yasihesabiwe. "Na hayo?"

"Hayo hayamo, shemeji. Tulikubaliana."

"Najua hayamo. Nataka kujua tu."

Tanuru alikuwa ameshabeba debe kabla hajamaliza. Yeye pia alitaka kujua. Mistari minane isiyo na makaa ikatoa debe sita na nusu. Mistari minane ya makaa ya bandani ikatoa tisa, ikatoa kumi, na la kumi na moja likajaa likamwagika.

Shemeji akaenda akachagua hindi moja kwenye lundo lile, akalimenya, akalizungusha mkononi. Punje zilikuwa zimefika mpaka ncha. Akalitafutia kosa, ukiona macho yake unajua analitafutia kosa. Akauliza wale kuku ni wangapi. Mkwe akasema kumi na wawili na tetea mmoja anayeatamia. Akauliza makaa yanakaa bandani muda gani, na je, ya mbuzi yangefaa, na je, makaa yanaisha udongoni mwaka wa pili au yanabaki. Bibi shamba akasema yanabaki miaka na miaka. Shemeji akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubaliana na mtu asiyeonekana.

"Mwakani," akasema, "shamba zima liwe kama mistari hii minane. Ni lako, shemeji. Sitalitaja tena."

Mama Makaa akasema asante kwa sauti ndogo, mara ya kwanza kwa Mungu na mara ya pili kwa shemeji.

Tanuru akajikuna shingo. "Na vigingi vyangu?"

"Ving'oe," akasema shemeji.

Akaving'oa, vyote vinne, kwa mikono yake ya kazi, akafungua vitambaa vyekundu akavitia mfukoni. Akarudi navyo begani mpaka pale alipokuwa Mama Makaa, akasimama akisitasita. Kwenye tanuru lake, akasema, kila akichoma matofali hubaki chenga za mkaa, lundo kubwa kuliko nyumba, na yeye huzitupa kwenye mashimo. Je, zinafaa? Au lazima yawe magunzi?

"Sijui," akasema Mama Makaa, na macho yake yakang'aa. "Lete gunia moja. Tutaziweka kwa kuku, tuone."

"Na hivi?" Akamnyooshea vigingi. "Ni mti mgumu. Vinaweza kuingia kwenye pipa lako."

Mama Makaa akachukua kimoja, akakipima uzito, akakigonga kwa ukucha karibu na sikio.

"Kwanza vikauke," akasema.